Mwanangu Amechanjwa Malaria, Mbona Ameugua?

Swali: Mwanangu ana miezi minane. Ameshapata dozi mbili za chanjo ya malaria, zote kwa wakati, na bado wiki iliyopita alishikwa na homa, tukapima, tukakuta malaria. Jirani ananiambia hiyo si chanjo, ni maji tu. Mimi sisemi hivyo, ila najiuliza: chanjo ya UVIKO ilipatikana kabla mwaka haujaisha, hii ya malaria imehangaikiwa miaka mingapi, na bado mtoto anaugua? Na kama kweli inafaa, mbona sisi watu wazima hatupewi?

Jibu: Pole kwa kuuguza, dada. Nianze na mtoto mwenyewe, historia itafuata. Dozi mbili hazijatosha. Chanjo zote mbili zinazotumika sasa, RTS,S na R21, hutolewa kwa dozi nne: tatu za mwanzo ndani ya miezi michache kuanzia mtoto akiwa na miezi 5 hivi, kisha ya nne baada ya miezi kadhaa, mara nyingi katika mwaka wake wa pili, kulingana na ratiba ya nchi. Watafiti wanapopima ufanisi mara nyingi huanza kuhesabu baada ya dozi ya tatu, maana hapo ndipo kingamwili, yaani protini za damu zinazopambana na vimelea, hupanda hadi kiwango cha kumfaa mtoto. Mwanao ameugua akiwa bado njiani. Kuugua huko hakukuharibu dozi alizokwisha kupata wala hakumzuii kupata zilizobaki. Akishapona, mrudishe kliniki kwa tarehe aliyopangiwa.

Sasa jirani. Amekosea, ila kosa lake linaeleweka. Tumezoea chanjo ya surua na ya polio: mtoto akishakamilisha, ugonjwa huo tunausahau. Mtu akiichukulia chanjo ya malaria kwa matarajio hayohayo, lazima avunjike moyo. Na hata mtoto wako atakapomaliza dozi zote nne, anaweza kuugua tena. Nakwambia mapema ili siku hiyo ikifika usiseme ulidanganywa.

Kwa nini iwe hivyo? Linganisha maadui wenyewe. Kirusi cha UVIKO kina protini kama 30 hivi, na tangu siku za kwanza wanasayansi walijua ni ipi ya kulenga: ile inayochomoza juu yake kama miiba, ambayo hujipachika nayo kwenye seli zetu. Walikuwa wameshajifunza hilo kutokana na ndugu zake waliozuka miaka ya nyuma. Mpangilio wa jeni zake ulitangazwa Januari 2020, na Desemba mwaka huohuo Uingereza ikaidhinisha chanjo. Plasmodium falciparum, kimelea cha malaria kinachoua zaidi, kina jeni zaidi ya 5,000. Ramani yake kamili ilichapishwa mwaka 2002, na mpaka sasa kuna jeni nyingi ambazo kazi yake haijajulikana. Tena hakibaki na sura moja. Kinavyosafiri mwilini hubadilika umbo mara kadhaa, na kila umbo lina protini zake, kiasi kwamba kingamwili iliyofunzwa kukamata umbo la kwanza huliacha la pili lipite kama hailioni.

Fuata safari yake. Mbu jike wa jamii ya Anopheles anapouma hutema mate, na ndani ya mate hayo hutoka sporozoiti, vimelea vyembamba kama uzi, makumi kadhaa, mara chache mamia. Hutambaa kwenye ngozi vikitafuta mshipa mdogo wa damu. Vikishaupata, ni suala la dakika tu kufika kwenye ini na kujificha ndani ya seli zake. Humo hukaa karibu wiki nzima. Mgonjwa hana homa, hana dalili, hata kipimo cha damu hakioni kitu. Kumbe ndani ya kila seli ya ini iliyoingiliwa kimelea kimoja kinazaa makumi ya maelfu. Seli hupasuka, wazaliwa hao waitwao merozoiti humwagika kwenye damu, na kila kimoja hujipenyeza ndani ya chembe nyekundu kwa muda unaohesabika kwa sekunde. Kila baada ya saa 48 hivi huzaliana na kupasua chembe nyingine. Homa, kutetemeka, upungufu wa damu, malaria ya ubongo: yote hutokea katika hatua hii ya damu. Baadaye wachache hugeuka kuwa umbo la kiume na la kike, wakisubiri mbu mwingine aje kuwanyonya.

Chanjo alizopata mwanao zinalenga hatua ya kwanza tu, ile ya sporozoiti, kati ya kuumwa na kuingia ini. Zingatia jinsi nafasi yenyewe ilivyo finyu. Kingamwili lazima ziwe zimekwisha jaa kwenye damu kabla mbu hajauma, maana hakuna muda wa mwili kukumbuka na kutengeneza nyingine. Na lazima zimalize wote. Tuseme mbu ametema sporozoiti 100 na chanjo imeua 98. Mahali pengine popote hiyo ingekuwa kazi nzuri ajabu. Hapa wawili waliobaki wameingia kwenye ini, na wiki ijayo watatoa makumi ya maelfu kila mmoja. Chanjo ya surua haidaiwi usafi wa namna hiyo. Virusi vichache vikipenya, mwili una siku za kutosha kukusanya nguvu. Kisha kumbuka kwamba kwenye maeneo yenye malaria nyingi mtoto haumwi na mbu mwenye vimelea mara moja katika maisha yake. Anaumwa mara nyingi, msimu baada ya msimu, na kila mara kingamwili zake hutakiwa kushinda upya.

Kuna jambo jingine ambalo kwa maoni yangu ndilo kiini cha ugumu wote. Karibu chanjo zote zilizofanikiwa zimeiga kitu ambacho maumbile yenyewe yanakiweza. Aliyeugua surua akapona haugui tena, hivyo mtengenezaji wa chanjo anajua lengo linafikika. Malaria haikutupa mfano huo. Mtu anaweza kuugua mara kumi akaugua mara ya kumi na moja. Kinga ya asili ipo, lakini huja polepole baada ya miaka ya kuumwa na mbu, hulinda zaidi dhidi ya kufa na kuugua vibaya kuliko dhidi ya kuambukizwa, na mtu akihamia mahali pasipo na malaria kwa miaka michache hupungua. Kimelea nacho kina ujanja wake. Kikiwa ndani ya chembe nyekundu huweka juu ya chembe hiyo protini ya kujishikiza kwenye kuta za mishipa, kisipitishwe kwenye bandama na kuharibiwa. Protini hiyo kinayo kwa nakala zipatazo 60 zinazotofautiana, na hubadilisha moja baada ya nyingine. Kingamwili zikiijua hii, kimeshavaa ile.

Hata hivyo kinga hiyo ya asili ndiyo iliyotoa ushahidi wa kwanza kwamba kazi inawezekana. Mwaka 1961 watafiti waliokuwa Gambia walichukua kingamwili kutoka kwenye damu ya watu wazima waliokulia kwenye malaria, wakawapa watoto waliokuwa wanaugua. Vimelea kwenye damu ya watoto hao vilipungua sana. Ushahidi wa pili ulitoka upande mwingine kabisa. Mwaka 1967 Ruth Nussenzweig na wenzake katika Chuo Kikuu cha New York walionyesha kwamba sporozoiti zilizodhoofishwa kwa mionzi ziliwakinga panya. Miaka ya 1970 David Clyde na wenzake huko Maryland, Marekani, wakalijaribu hilo kwa watu waliojitolea: waliumwa na mbu waliopigwa mionzi, kisha wakaumwa na mbu wenye malaria hai, na baadhi yao hawakuugua. Tatizo ni kwamba kinga hiyo ilihitaji kuumwa mara nyingi mno, kwa mamia hadi kupita elfu. Hakuna kliniki ya watoto itakayofanya hivyo.

Kwa hiyo swali likawa: katika sporozoiti nzima, ni kitu gani hasa ambacho mwili unakitambua? Jibu lililopatikana ni protini inayoifunika nje karibu yote, inayofahamika kwa herufi CSP. Jeni yake ilisomwa mwaka 1984, na magazeti ya wakati huo yakaanza kuandika kana kwamba chanjo i karibu. Haikuwa. Chanjo za kwanza zilizotengenezwa kwa vipande vya CSP vikiwa peke yake ziliamsha kingamwili kidogo na kumkinga mtu mmoja mmoja tu. Mwaka 1987 ndipo watafiti wa kampuni ya dawa iliyokuja kuwa GSK, nchini Ubelgiji, wakishirikiana na taasisi ya utafiti ya jeshi la Marekani ya Walter Reed, walipopata wazo la kuunganisha kipande cha CSP na protini ya virusi vya homa ya ini B. Protini hiyo, ikitengenezwa ndani ya hamira, hujikunja yenyewe ikawa vichembe vidogo vinavyofanana na virusi, na mfumo wetu wa kinga huona vichembe vya namna hiyo kwa haraka zaidi. Ndiyo RTS,S. Faida ya pembeni ni kwamba mtoto aliyechanjwa hupata pia kinga dhidi ya homa ya ini B.

Lakini hata vichembe hivyo havikutosha mpaka vilipochanganywa na kiamsha-kinga chenye nguvu. Mojawapo ya viungo vya kiamsha-kinga hicho hutoka kwenye gome la mti wa Quillaja unaoota Chile, ambao magome yake hutoa povu kama sabuni. Mwaka 1997 yakatangazwa matokeo yaliyobadilisha mambo: kati ya watu 7 waliopewa mchanganyiko bora na kisha kuumwa kwa makusudi na mbu wenye malaria, chini ya uangalizi wa madaktari, 6 hawakuambukizwa. Walipoupeleka kwa wanaume wazima Gambia, wanaoumwa na mbu wao wenyewe kila siku, wiki 9 za kwanza kinga ilikuwa nzuri, karibu asilimia 71, kisha ikayeyuka.

Katikati ya hadithi hiyo kuna tukio ambalo vijana wengi wa fani hii hawalijui, na wangelijua wangekuwa waangalifu zaidi wanapotangaza ushindi. Mwanasayansi wa Colombia, Manuel Elkin Patarroyo, alitengeneza chanjo iitwayo SPf66. Jaribio lililofanywa Ifakara, Tanzania, likachapishwa mwaka 1994, lilionyesha ufanisi wa asilimia 31 kwa watoto wadogo. Dunia ikashangilia. Kisha yakaja majibu ya Gambia, hakuna la maana, na ya Thailand, hakuna kabisa. Chanjo ikawekwa kando. Nadhani tukio hilo ndilo lililowafanya waliofuata wajaribu kila kitu mahali pengi kwa wakati mmoja kabla ya kusema neno.

Na ndivyo RTS,S ilivyofanyiwa. Kuanzia 2009 hadi 2014 ilijaribiwa kwa watoto zaidi ya 15,000 katika vituo 11 vya nchi 7: Burkina Faso, Gabon, Ghana, Kenya, Malawi, Msumbiji na Tanzania. Hapa ndipo ilipotoka ile asilimia 36 ya ufanisi ambayo watu huitaja kwa dharau, na naomba tuikalie kidogo, kwa sababu nimeiona ikieleweka vibaya hata na wahudumu wa afya.

Asilimia 36 haina maana kwamba katika watoto 100 waliochanjwa 36 wamekingwa na 64 wameachwa wazi. Jaribio lilihesabu vipindi vya kuugua, na mtoto mmoja aliweza kuugua mara tatu, nne au zaidi. Katika miaka hiyo minne hivi ya ufuatiliaji, kundi la watoto walioanza chanjo wakiwa na miezi 5 hadi 17 na kupata dozi zote nne liliugua malaria kwa vipindi vichache kwa asilimia 36 kuliko kundi linganishi. Malaria kali ilipungua kwa asilimia 32. Ukizigeuza kuwa hesabu ya watoto, kila watoto 1,000 waliochanjwa waliepuka vipindi 1,774. Yaani kwa wastani kila mtoto aliepushwa kuugua mara moja na zaidi, na penye malaria nyingi kama Siaya, magharibi mwa Kenya, faida ilikuwa kubwa kuliko wastani huo. Chanjo yenye ufanisi wa asilimia 95 dhidi ya ugonjwa adimu huepusha wagonjwa wachache kuliko hii dhidi ya ugonjwa unaorudi kila msimu. Mwaka 2023 pekee Shirika la Afya Duniani lilikadiria wagonjwa wa malaria milioni 263 na vifo 597,000, vingi vikiwa vya watoto wa chini ya miaka 5 barani Afrika. Theluthi moja ya mzigo wa namna hiyo si kitu cha kutupa.

Wastani huo wa miaka minne unaficha jambo jingine: kinga si sawa muda wote. Miezi ya mwanzo baada ya dozi ya tatu huwa juu sana, kisha kingamwili hushuka haraka, ndiyo sababu ya dozi ya nne. Huko Kilifi watoto waliopata dozi tatu bila ya nne walifuatiliwa kwa miaka 7, na ufanisi wa muda wote huo ukaonekana kuwa mdogo mno, chini ya asilimia 5. Kwa walioishi penye mbu wengi zaidi, mwaka wa tano waliugua hata zaidi kuliko wenzao wasiochanjwa. Hilo lilitushtua wengi, lakini lina maelezo: mtoto aliyelindwa utotoni amekosa mazoezi ya kinga ya asili, na chanjo ikiisha nguvu anaanza kuyapata wakati wenzake wameshatangulia. Nalitaja kwa sababu mbili. Kwanza, dozi ya nne usiichukulie kuwa ya hiari. Pili, hata ukihesabu kurudi huko nyuma, umri uliolindwa ni ule ambao malaria huua zaidi. Mtoto wa miaka sita akiugua mara moja zaidi ana nafasi kubwa ya kupona kuliko mtoto wa mwaka mmoja.

Sasa ile miaka mingi uliyouliza. Kutoka 1987 hadi Oktoba 2021, Shirika la Afya Duniani lilipopendekeza RTS,S kwa watoto, ni miaka 34. Sehemu kubwa ya miaka hiyo ni ugumu wa kimelea, kama nilivyoeleza. Lakini si yote. Malaria huua watoto wa watu wasio na fedha, na kampuni ya dawa haioni soko hapo. Kwa miaka mingi mtu aliyependa zaidi kuwa na chanjo hii alikuwa jeshi la Marekani, likifikiria askari wake. Fedha za kuipeleka kwa watoto wa Afrika zilianza kuingia kwa uzito baada ya 1999, kupitia shirika la PATH na msaada wa Bill na Melinda Gates. UVIKO ulipata mabilioni ya dola, makumi ya maelfu ya watu wa kujitolea, na viwanda vilivyoanza kuzalisha kabla majibu hayajatoka. Malaria haijawahi kupewa hata robo ya haraka hiyo.

Kuna pia miaka sita ambayo binafsi naiona ilikuwa mirefu mno. Julai 2015 mamlaka ya dawa ya Ulaya ilitoa maoni mazuri juu ya RTS,S. Lakini jaribio kubwa lilikuwa limeacha maswali: kundi la waliochanjwa lilikuwa na visa vingi kidogo vya homa ya uti wa mgongo na vya malaria ya ubongo, na wasichana waliochanjwa walionekana kufa zaidi kuliko wasichana wasiochanjwa. Namba zilikuwa ndogo na huenda ni bahati tu, ila huwezi kuzipuuza kwa chanjo ya watoto wachanga. Ikaamuliwa ijaribiwe ndani ya huduma za kawaida za Malawi, Ghana na Kenya. Utoaji ukaanza 2019, miaka minne baadaye. Matokeo yalikuja kuondoa hofu zote tatu, na yakaongeza jambo ambalo majaribio ya mwanzo hayakuweza kulionyesha: vifo vya watoto wa umri wa kuchanjwa, kwa sababu zote isipokuwa ajali, vilipungua kwa asilimia 13. Kuuliza maswali yale kulikuwa sahihi. Kuchukua miaka minne kabla ya kuanza kuyajibu, hapana.

R21, chanjo ya pili, ilitengenezwa katika Chuo Kikuu cha Oxford na huzalishwa na Serum Institute ya India. Ni ndugu wa karibu wa RTS,S: CSP ileile, protini ileile ya homa ya ini B. Tofauti ni kwamba katika RTS,S sehemu kubwa ya kichembe ni protini ya homa ya ini bila CSP, wakati katika R21 kila kipande kimebeba CSP yake, hivyo sporozoiti huonekana zaidi na homa ya ini kidogo. Kiamsha-kinga chake nacho hutoka kwenye mti uleule wa Quillaja. Jaribio dogo la Nanoro, Burkina Faso, lilitoa ufanisi wa asilimia 77 kwa mwaka mmoja. Jaribio kubwa la watoto 4,800 wa Burkina Faso, Kenya, Mali na Tanzania lilitoa asilimia 75 pale chanjo ilipotolewa kabla ya msimu wa malaria, na 68 pale ilipotolewa kwa umri bila kujali msimu. Shirika la Afya Duniani likaipendekeza Oktoba 2023.

Utasikia watu wakisema R21 ni mara mbili ya RTS,S: 75 dhidi ya 36. Usikubali hesabu hiyo. Moja ni ya mwaka mmoja, nyingine ni ya miaka minne. Moja ilitolewa kwa kuvizia msimu, nyingine haikufanya hivyo. RTS,S nayo katika mwaka wa kwanza ilikuwa ikikaribia au kupita nusu, na ilipotolewa kabla ya msimu huko Burkina Faso na Mali pamoja na dawa za kinga za msimu, kulazwa kwa malaria kali kulipungua kwa takriban asilimia 70 ukilinganisha na kutumia moja tu kati ya hizo. Hazijashindanishwa ana kwa ana kwa namna ya kunifanya nikwambie uchague ipi. Itakayopatikana kliniki kwako ndiyo nzuri. Ubora wa R21 ulio wazi ni kwamba huzalishwa kwa wingi na kwa gharama ndogo.

Zinazokuja zinagonga milango mingine. Ninayoifuatilia kwa hamu zaidi inalenga hatua ya damu, kupitia protini iitwayo RH5. Watafiti walishajaribu hatua hiyo kwa protini nyingine, AMA1, huko Mali, na ikafaa dhidi ya vimelea vinavyofanana na kile kilichotumika kutengenezea chanjo, basi. Vyenye AMA1 ya tofauti vilipita. RH5 haibadiliki sana, kwa kuwa kimelea hukihitaji kipande hicho hasa ili kujishika kwenye chembe nyekundu, na kikikibadilisha mno hakiingii. Jaribio la Nanoro lililochapishwa mwishoni mwa 2024 lilionyesha ufanisi wa asilimia 55 kwa miezi 6 pale dozi ya tatu ilipocheleweshwa. Ni jaribio dogo bado. Ila fikiria chanjo moja inayokamata sporozoiti, na yale machache yanayoponyoka yanakutana na kingamwili nyingine yakitoka kwenye ini. Hesabu yangu ya 98 kati ya 100 ingebadilika kabisa.

Wengine wamerudi kwenye wazo la Nussenzweig la kimelea kizima. Kampuni ya Sanaria ya Marekani hukamua sporozoiti kutoka kwenye tezi za mate za mbu, huzihifadhi kwenye nitrojeni ya majimaji, na imezijaribu Bagamoyo na Mali miongoni mwa mahali pengine. Leiden, Uholanzi, wamekwenda mbali zaidi: wamefuta jeni ya kimelea ili kife mwishoni mwa hatua ya ini, kabla ya kutoka. Watu 8 kati ya 9 waliopewa hawakuambukizwa baadaye. Kuna na chanjo zinazolenga umbo linalokwenda kwa mbu, ambazo hazimkingi aliyechanjwa bali jirani yake. Sayansi yake ni nzuri, lakini sijui ni nani atakayemshawishi mzazi.

Na watu wazima? Kwa sasa hakuna chanjo ya malaria iliyopendekezwa kwa ajili yetu. Aliyekulia kwenye malaria ana kinga ya asili ya kutosha kumfanya asife kwa urahisi, na dozi zilipokuwa chache zilielekezwa kwa wanaokufa. Ila kinga hiyo ya asili hulegea katika hali moja, na hii inakuhusu. Mwanamke anapopata mimba ya kwanza, kondo la nyuma huwapa vimelea sehemu mpya ya kujishikiza, wakitumia protini iitwayo VAR2CSA ambayo kingamwili zake za utotoni hazijawahi kuiona. Ndiyo maana mjamzito huugua ingawa kabla ya hapo alikuwa haugui, na mtoto huzaliwa na uzito mdogo. Mimba ya pili na ya tatu huwa afadhali, kwa kuwa mwili umekwisha jifunza. Chanjo mbili zinazolenga protini hiyo zimefika kwenye majaribio ya mwanzo kwa binadamu, na huko Mali sporozoiti za Sanaria zimejaribiwa kwa wanawake wanaotarajia kushika mimba, zikaonyesha dalili za kuwakinga. Mpaka mojawapo ipite, ukishika mimba tena wahi kliniki upate dawa za kinga za wajawazito, na mlale wewe na mtoto ndani ya chandarua chenye dawa. Chanjo yake haikuondolei chandarua. Na homa yoyote atakayoipata, hata baada ya dozi ya nne, apimwe siku hiyohiyo.